PDF ya kurasa 16 na michoro ya pampu: tulivyoirudisha kwenye programu ya vekta

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Kijitabu cha kurasa 16 cha matengenezo ya pampu ya mkono ya kisima, kwa Kiingereza, kilitakiwa kigeuzwe Kiswahili: maelezo yatafsiriwe, lebo za michoro zibadilishwe, zichapwe nakala 1,000 kwa ofseti, na mchoro wa ukurasa wa 9 ukuzwe uwe bango la kubandikwa kisimani. Mwenye kijitabu alikuwa na haki zote za kukibadilisha, ila faili za awali hakuwa nazo. Kilichobaki ni PDF moja tu. Tulikadiria siku 2. Zikaenda siku 9, na seti nzima ya pleti, yaani mabati yanayobeba sura ya ukurasa kwenye mashine ya ofseti, ikatupwa. Naandika kwa mfuatano wa mambo yalivyotokea, ili atakayeletewa kazi ya namna hii ajue pa kukanyaga.

Kwanza tuelewane PDF ni kitu gani, maana makosa yetu mengi yalianzia hapo. Adobe waliitoa mwaka 1993 kwa lengo moja: ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Ndani yake mna amri za kuchora. Weka herufi hii hapa, sogea pointi kadhaa, weka nyingine, vuta mstari, jaza rangi. Hamna aya, hamna sentensi, na mara nyingi hata nafasi kati ya maneno haimo. Ni pengo tu kati ya herufi na herufi. Programu ya vekta, yaani ya kuchora kwa mistari na maumbo badala ya nukta, ikiifungua PDF huwa inakisia: herufi hizi huenda ni neno, mistari hii huenda ni umbo moja. Ndiyo maana kabla ya kufungua unapaswa kuamua unachotaka kukiokoa kwenye kila ukurasa: maneno, ili uyahariri, au sura, ili ibaki kama ilivyo. Njia inayookoa maneno huvuruga sura, na inayolinda sura huua maneno. Sisi tulitaka vyote kwa mkupuo mmoja.

Kosa la kwanza lilikuwa kuburuta faili lote hadi ndani ya Inkscape, programu ya vekta ya bure, kubonyeza OK bila kusoma dirisha lililojitokeza, na kuanza kazi. Ukurasa wa 7 ukaja na lebo zenye fonti ngeni, herufi zimepandana, na kila neno limekatika vipande. Tulitumia siku nzima kuzipanga herufi moja moja. Siku hiyo ilipotea yote.

Tulichopaswa kufanya ni kulihoji faili kwanza. Zana za kulihoji ni za bure, zinaitwa poppler-utils. Kwenye Ubuntu zinawekwa hivi:

sudo apt install poppler-utils

Kisha amri tatu:

pdfinfo -box kijitabu.pdf
pdffonts kijitabu.pdf
pdfimages -list kijitabu.pdf

Ya kwanza inakuonyesha programu iliyotengeneza PDF, ukubwa wa ukurasa, kama faili limefungwa kwa nywila, na mipaka ya ukurasa: ukubwa wote wa karatasi, mstari wa kukatia, na sehemu inayozidi kwa ajili ya kisu. Vipimo huja kwa pointi. Pointi 72 ni inchi moja, yaani milimita 25.4, hivyo A4 husomeka 595.28 kwa 841.89.

Ya pili ndiyo iliyotufumbua macho. Inaorodhesha fonti zote na safu za majibu ya ndiyo na hapana. Safu ya "emb" inaeleza kama fonti imebebwa ndani ya faili. Safu ya "sub" inaeleza kama imebebwa nusu, yaani zile herufi zilizotumika tu. Fonti ya namna hiyo utaitambua pia kwa jina lake, linaloanza na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha. Safu ya "uni" inaeleza kama kuna jedwali la kuunganisha kila umbo na herufi yake halisi. Kwetu fonti zilikuwa 4. Mbili zilibebwa nusu, moja haikubebwa kabisa, na moja ilisema "no" kwenye safu ya uni. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote: ukurasa unasomeka vizuri kwa macho, lakini ukinakili maneno unapata takataka, kwa sababu faili linajua umbo la kuchora tu, halijui kwamba umbo hilo ni "a" au "m". Jaribio lake ni la sekunde chache:

pdftotext -f 7 -l 7 -layout kijitabu.pdf -

Kikitoka kitu kisichosomeka, usijisumbue kuokoa maneno. Yaandike upya, au ugeuze ukurasa kuwa picha na uipitishe kwenye programu ya kusoma maandishi kama Tesseract, ambayo ina data ya Kiswahili kwa jina la "swa".

Kuhusu fonti zilizobebwa nusu, anayefanya tafsiri kwenda Kiswahili ana mtego wake maalumu. Lebo za Kiingereza zinaweza kupita kijitabu kizima bila kutumia "j" au "z" au alama ya ng'. Kiswahili kinazidai kila mstari. Ukijaribu kuhariri kwa fonti iliyomo kwenye PDF, herufi ambazo hazikubebwa hazipo, na programu ama itakataa ama itazichomeka kutoka fonti nyingine, na neno moja likawa na sura mbili. Inkscape yenyewe haitumii fonti iliyomo ndani ya PDF kuandikia. Inataka fonti hiyohiyo iwe imewekwa kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo soma jina kwenye pdffonts, tafuta fonti kamili yenye leseni inayoruhusu, iweke, ndipo ufungue faili. Fonti mbili tulizipata. Ya tatu hatukuipata, na tukakubaliana na mwenye kazi kubadilisha lebo zote ziwe fonti moja. Mazungumzo hayo yafanyike siku ya kwanza. Sisi tuliyafanya siku ya nne.

Amri ya tatu, ya picha, ilituambia kwamba kurasa za 3 na 4 hazina vekta kabisa. Kila ukurasa ulikuwa picha moja iliyoskaniwa, na safu za x-ppi na y-ppi (pikseli kwa inchi) zilisoma 150. Ungeweza kuligundua hilo kwa macho pia: kuza ukurasa hadi asilimia 1600, na kingo zikionekana ngazi ngazi badala ya mstari safi, hiyo ni picha. PDF ni mfuko tu. Kubadilisha jina kuwa SVG, aina ya faili la vekta, hakugeuzi picha kuwa vekta, na tovuti nyingi zinazoahidi kufanya hivyo huiweka picha ileile ndani ya mfuko mwingine.

Baada ya uchunguzi huo tuligawa kazi upya. Aya za maelezo tulizitoa kabisa kwenye programu ya vekta. Maneno yalichukuliwa kwa pdftotext, yakatafsiriwa, yakapangwa upya ndani ya Scribus, programu ya kupanga kurasa. Programu ya vekta haikuundwa kubeba aya za kurasa 16, na kila saa tuliyoilazimisha tulijuta. Inkscape ikabaki na michoro peke yake, na kwa michoro tukaamua kuokoa sura na kuandika lebo upya.

Njia iliyofanya kazi vizuri kuliko zote ni kung'oa maandishi kabla ya kufungua. Ghostscript, programu ya bure ya kuchakata PDF, inaweza:

gs -o bila-maneno.pdf -sDEVICE=pdfwrite -dFILTERTEXT kijitabu.pdf

Kinachobaki ni michoro na picha bila herufi hata moja. Kuanzia toleo la 1.3 la mwaka 2023, dirisha la kuingizia PDF la Inkscape nalo linaorodhesha fonti na kukupa uchaguzi: maandishi yote yachorwe kama maumbo, yafutwe, au fonti zilizokosekana zibadilishwe na zinazofanana nazo. Tahadhari moja: lebo ambazo mchoraji wa kwanza alishazigeuza kuwa maumbo hazing'oki kwa amri hii, kwa sababu kwa PDF hizo si maandishi tena. Kwenye ukurasa wa 11 vipimo vyote vilikuwa hivyo, na tulivifuta kwa mkono.

Kisha kila ukurasa wenye mchoro tuliugeuza kuwa SVG yake:

pdftocairo -svg -f 9 -l 9 bila-maneno.pdf uk09.svg

Hapa angalia ukubwa mara tu unapofungua. Kuna matoleo yanayoandika namba za ukurasa bila kutaja kipimo, na Inkscape huzisoma kama pikseli, 96 kwa inchi badala ya pointi 72. A4 ikionekana na upana wa milimita 157.5 badala ya 210, tatizo ni hilo. Kuza vyote kwa asilimia 133.333. Kwa kijitabu unaweza usigundue haraka. Kwa mchoro unaokwenda kwenye mashine ya kukata, kipande kinatoka kidogo na malighafi imekwisha haribika.

Ndani ya Inkscape tuliweka tabaka tatu. Chini kabisa ukurasa wa awali wenye Kiingereza, umegeuzwa kuwa picha, ung'avu asilimia 30, umefungwa ili usisogee. Juu yake mchoro usio na maneno. Juu kabisa lebo mpya. Kwa mpangilio huo mtafsiri aliona kila lebo ilipokuwa na mstari wake ulikoelekea, bila kufungua faili la pili.

Usafishaji wa mchoro ndio uliokula muda mwingi. Ukibofya mpini wa pampu, ukurasa mzima unashikwa, kwa sababu kila kitu kimefungwa ndani ya kundi, kundi ndani ya kundi jingine, na kila kundi lina fremu ya kukatia, inayoficha kilicho nje yake. Kishawishi ni kutumia amri ya "Deep Ungroup" inayovunja makundi yote kwa pigo moja. Tulifanya hivyo ukurasa wa 5, na tukabaki na maelfu ya vipande vilivyotawanyika bila njia ya kujua kipi ni cha pampu na kipi ni cha udongo. Afadhali uvunje hatua kwa hatua kwa Ctrl+Shift+G, au ushike kipande kilicho ndani ya kundi kwa kubofya huku umebana Ctrl. Fremu ya kukatia iondoe pale tu unapohitaji, ukijua kwamba nyuma yake panaweza kuwa na mengi. Ukurasa wa 12 ulikuwa unaonyesha vali peke yake, kumbe nyuma ya fremu mchoro mzima wa pampu ulikuwepo, pamoja na maandishi ya ndani ya ofisi yasiyokusudiwa kwa umma. Yeyote anayetuma PDF nje akumbuke hilo: kilichokatwa kwa fremu hakijafutwa.

Mambo mengine ya kutarajia kwenye mchoro uliotoka kwenye PDF. Duara halitakuwa duara. PDF haina amri ya kuchora duara, kwa hiyo hutengenezwa kwa vipinde, kwa kawaida vinne, na huwezi tena kuandika kipenyo kipya na likatii. Mistari ya vipande vipande wakati mwingine huja kila kipande kikiwa kitu chake. Mstari mnene unaweza kuja kama umbo lililojazwa rangi, na ukibadilisha unene wake unapata mistari miwili ya pembeni. Vichwa vya mishale huwa pembetatu zisizoungana na mkia. Bonyeza Ctrl+5 hadi uone mifupa mitupu ya mchoro. Hapo mistari iliyorudiwa hujitokeza. Kwa anayekata stika hili ni la lazima, kwa maana mstari uliochorwa mara mbili hukatwa mara mbili.

Mistari ya lebo tuliichora yote upya, unene milimita 0.35. Ilitulazimu pia kwa sababu ya urefu wa maneno: lebo ya Kiingereza yenye neno moja hugeuka "bomba la kupandishia maji", na haiingii pale ilipokuwa. Tulizivunja lebo ndefu mistari miwili na kusogeza ncha ya mshale, na ncha ile ya kugusa kifaa hatukuiacha ihame hata kidogo.

Ukiamua kuokoa maneno badala ya sura, fungua PDF kwa njia ya kawaida ya Inkscape fonti zikiwa zimeshawekwa, shika maandishi, kisha kwenye menyu ya "Text" chagua "Remove Manual Kerns". Hiyo inafuta misogeo ya kila herufi iliyorithiwa kutoka kwenye PDF, na neno linarudi kuwa neno. Kwenye Illustrator, PDF iliyohifadhiwa ikiwa na uwezo wa kuhaririwa ndani yake hufunguka karibu kama ilivyotengenezwa, kwa hiyo anza na hiyo kama pdfinfo imetaja Illustrator. CorelDRAW inapoingiza PDF inakuuliza kama maandishi yaje kama maandishi au kama maumbo. Ni uamuzi uleule wa maneno au sura.

Zile kurasa mbili zilizoskaniwa zilitufundisha kwa uchungu. Tuliziendesha kwenye zana ya kufuatisha picha, Shift+Alt+B, inayotumia potrace. Kwa pikseli 150 kwa inchi mistari ilitoka imetetemeka, pembe zimekuwa mviringo, na mchoro mmoja ukawa na nodi (vituo vya mstari) nyingi mno kiasi cha kompyuta kusita. Kurahisisha kwa Ctrl+L kulipunguza nodi na kuharibu nyuzi za skrubu. Nusu siku ikaenda kusafisha mchoro mmoja. Baadaye tulichora wa pili kwa kalamu ya Bézier juu ya picha, na ukaisha kwa dakika 40, safi kuliko wa kwanza. Kama nakala ya karatasi ipo, iskani upya kwa 600, nyeusi na nyeupe, ndipo ufuatishe. Kama haipo na mchoro ni wa kifaa chenye mistari iliyonyooka, chora tu.

Sasa pleti. Kurasa za ndani zilikuwa nyeusi tupu. Inkscape tuliyokuwa tukiitumia hufanya kazi kwa rangi za skrini: nyekundu, kijani, bluu. Nyeusi yake ikifika kiwandani hugeuzwa kuwa mchanganyiko wa siani, majenta, njano na nyeusi. Kwenye skrini hakuna tofauti. Kiwandani kila upande ulitolewa pleti 4 badala ya 1, na karatasi ya majaribio ilipopita mashineni, lebo za pointi 8 zilikuwa na vivuli vya rangi pembeni, kwa sababu hakuna mashine inayolinganisha wino nne kwa usahihi wa nywele. Pleti zile tulizilipia sisi, na ilikuwa haki, kwa kuwa faili lilikuwa letu. Uchunguzi ambao ungetuokoa ni mstari mmoja:

gs -o - -sDEVICE=inkcov kazi.pdf

Kwa kila ukurasa unatoa namba nne: siani, majenta, njano, nyeusi. Ukurasa wa nyeusi tupu lazima usome sifuri kwenye tatu za kwanza. Wetu ulikuwa na wino kwenye zote nne. Dawa kwa kurasa za ndani:

gs -o ndani.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sColorConversionStrategy=Gray -dProcessColorModel=/DeviceGray kazi.pdf

Baada ya hapo pima tena kwa inkcov. Jalada lenye rangi haliwezi kupitishwa humo. SVG yake tuliiingiza Scribus, tukaweka kila rangi kwa asilimia za wino, na nyeusi ya maandishi tukaiandika 0, 0, 0, 100. Rangi maalumu za nembo, zile zenye namba za Pantone, hupotea zikipitia SVG, hivyo ziulizie kwa mwenye nembo na uziweke upya Scribus. Angalia pia sehemu inayozidi mstari wa kukatia, milimita 3 kila upande. PDF nyingi za kwenye simu hazina kabisa.

Bango halikusumbua. Kutoka A4 hadi A1 ni kukuza kwa 2.83, na mstari wa milimita 0.35 unakuwa karibu milimita 1, unaoonekana vizuri kwa mtu aliyesimama kando ya kisima. Hakikisha tu mpangilio wa unene kukua pamoja na kitu umewashwa, vinginevyo pampu inakua na mistari inabaki nyuzi.

Kitu cha mwisho kilichokaribia kuponyoka ni "fi". Fonti nyingi huunganisha f na i kuwa umbo moja, na Kiswahili kimejaa "safisha", "fimbo", "ufito". Kwenye PDF yetu ya majaribio, ilipofunguliwa kiwandani, lebo moja ilisomeka "sa sha". Tulizima muungano huo kwenye mipangilio ya fonti, na nakala ya kupeleka kiwandani tukageuza maandishi yote kuwa maumbo kwa Shift+Ctrl+C. Nakala hiyo ilihifadhiwa kwa jina lingine, kwa sababu ukiifunika ile yenye maandishi hai umejirudisha pale pale ulipoanzia.

Mwenye kijitabu alikabidhiwa folda yenye SVG za kila mchoro zikiwa na maandishi hai, faili la Scribus, fonti pamoja na leseni zake, na PDF ya kuchapia. Wiki moja baada ya nakala kutoka, mafundi wa pampu waliomba "pistoni" iitwe "kipisi cha kusukumia" kwenye bango, kwa kuwa ndivyo wanavyoiita wao. Tulifungua uk09.svg, tukabadilisha, tukapima wino, tukatuma. Dakika 6.